Pete ya Bii Tii

Mimi ni sonara, na sonara akiona kwenye kidole cha mke wake pete ambayo hakuitengeneza yeye, chakula hakipiti. Nilikuwa na tonge mkononi. Getruda alinyoosha mkono kuchukua bakuli la mboga, nikaiona: ya rangi ya kijivu, nyembamba, haina jiwe wala nakshi, imekaa kwenye kidole changu. Nasema changu kwa sababu kidole kile nilikivisha pete mwenyewe mwaka 1984, mbele ya padri.

"Pete gani hiyo, mama Winnie?"

"Ya kazini."

"Siku hizi kiwanda kinagawa pete?"

"Ile nyingine walikataza, si nilikwambia? Walisema inashika uchafu. Hii haishiki."

Dhahabu inashika uchafu! Nilirudisha tonge sahanini. Miezi sita mizima kidole hicho kilikuwa kitupu, tangu alipokuja nyumbani kwetu Kiseke na bandeji, akaniambia kisu cha minofu kilimkata na pete wamemkataza. Nikavumilia. Wanawake wote wa kiwanda cha sangara walivuliwa hereni na bangili wazungu walipokuja kukagua, hilo nalijua, mji mzima ulilizungumza. Lakini kuvuliwa ni jambo moja na kuvishwa ni jambo jingine. Anayevua ni kiwanda. Anayevisha ni nani?

Usiku huo sikumuuliza tena. Wivu wangu haupigi kelele mwanzoni, unakaa kwanza kwenye kigoda na kukusanya ushahidi.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu ile pete ya kwanza, maana nisipolisema mimi mwenyewe mtalisikia kwa mwingine. Mwaka ule wa 1984 sabuni ilipangiwa foleni, na dhahabu ilinong'onwa kama jina la marehemu. Nilikuwa kijana mwenye benchi la kuazima pale Makoroboi. Nikachukua senti ishirini tatu, zile za manjano zenye picha ya mbuni, nikaziyeyusha, nikaponda, nikaviringisha, halafu nikapaka juu yake dhahabu kidogo niliyokwangua kwenye kazi za watu. Iling'aa, nawaambia. Pale altareni Getruda alininong'oneza, "Ni dhahabu kweli?" Nami nikamjibu, "Ya Geita." Nilijiambia kwamba mambo yakikaa vizuri nitambadilishia kimyakimya. Mambo yakakaa vizuri. Ikaja ruksa ya biashara, wachimbaji wakawa wananiletea dhahabu hadi mlangoni kwenye vichupa vya penisilini. Nikatengenezea mabibi harusi wa Buzuruga na Kisesa, nikatengenezea wake wa wenye viwanda. Ya Getruda ikawa ya kesho kila siku.

Lakini alikuwa hajui. Mbele yake nilikuwa mwanamume aliyemvisha dhahabu, na sasa alikuwa ameivua dhahabu ya mume akavaa kitu cha rangi ya sufuria, tena anakitazama! Anageuza mkono dirishani, anakitazama, anatabasamu. Miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona akiitazama yangu hivyo.

Kulikuwa na jambo jingine, la malimao. Tangu tuoane, kila Jumamosi Getruda alikata limao akajisugua vidole, kimoja kimoja, kabla ya kwenda kwaya. Nilijua ni kuondoa harufu ya samaki, wa jikoni kwanza, kisha wa kiwandani, na nilipenda, nikiamini ananifanyia mimi. Sasa malimao yalikuwa yamekauka kwenye kikapu mpaka yamekuwa magumu kama kokoto. Tangu mwezi wa sita hajakata hata moja. Nikajiuliza, mwanamke anaacha lini kujiondoa harufu ya samaki? Anaacha pale anapopata mtu asiyeichukia. Mtu wa kiwandani.

Jumamosi kabla ya Krismasi alikanda unga wa maandazi, akaivua pete, akaiweka kwenye kisahani dirishani. Wenzake wa kwaya wakampitia wakimharakisha, akanawa, akatoka bila kuikumbuka. Nilisubiri sauti zao zipotee. Kisha nikaichukua, nikaenda nyuma ya nyumba nilikoweka benchi la kazi za haraka.

Kwanza niliipima kiganjani. Nyepesi, kama punje ya mahindi. Nikacheka. Nikasema, huyo hawara ni maskini, amempa bati. Nikaileta karibu na jicho, nikaona ndani maandishi madogo yaliyogongwa kwa muhuri: BT6.

Kicheko kikaisha. Mimi huchonga herufi ndani ya pete za watu, ndiyo kazi inayonipa wateja wengi kuliko zote. Nimechonga herufi za wachumba, na nimechonga herufi za watu ambao si wachumba wala si wake, nikafunga mdomo. Najua herufi mbili ndani ya pete zina maana gani. Ni mwanamume anayetaka kukaa mahali ambapo mwenye nyumba hatazami.

Na B.T. nilimjua! Getruda alimtaja kila jioni. Msimamizi wao, Baltazari Tibenda, kijana wa Bukoba mwenye miwani na koti jeupe lililopigwa pasi, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bii Tii. Bii Tii kasema tunawe mara tatu. Bii Tii kasema minofu yangu imenyooka kuliko ya wote. Na sita? Mwezi wa sita Bii Tii alimtoa Getruda kwenye kuosha sakafu akamweka kwenye kukata minofu. Mwezi wa sita pete yangu ilitoka. Mwezi wa sita malimao yaliachwa. Ilikaa sawasawa, kila kitu mahali pake, na nilipokuwa nikiipanga hesabu hiyo nilihisi raha fulani mbaya ambayo mwenye wivu tu ndiye anayeijua.

Nikaamua kuiua. Nikaidondoshea tindikali, ile inayofichua kila uongo wa madini. Shaba huchemka na kutoa moshi. Hii ilikaa tu, ikaloa, nikaifuta ikawa vilevile. Nikachukua msumeno wangu mwembamba wa kukatia pete, wembe wake ukakatika. Nikaweka mwingine, ukakatika. Tupa iliteleza na kuacha mkwaruzo mdogo wa kunitukana. Basi nikawasha mkaa. Nikavuta mvukuto kwa mguu mpaka jasho likaniingia machoni, pete ikiwa katikati ya moto, nikisema yeyuka, Bii Tii, yeyuka. Shaba ingekuwa uji. Dhahabu ingekuwa tone. Hii iliwaka nyekundu ikanitazama.

Nikaitoa kwa koleo nikaiweka juu ya jiwe. Ilipopoa, rangi ilianza kutembea juu yake. Ikawa ya manjano kama asali, ikaingia zambarau, ikaishia kwenye buluu ambayo sijawahi kuitoa kwenye benchi langu kwa kitu chochote, buluu ya ziwa saa nne asubuhi ukiliangalia kutoka juu ya mawe. Haikuwa imepungua hata unywele. Nilikuwa nimempambia Bii Tii pete yake.

Sikuweza kuirudisha rangi yake. Niliiweka dirishani nikakaa chini, nikingoja kelele.

Getruda aliporudi aliiona kabla hajavua kitambaa. Akaiokota, akaipeleka mlangoni penye mwanga. "Baba Winnie! Umeifanya nini?"

"Niliisafisha."

"Nzuri!" Akaivaa, akacheka kwa sauti, mwanamke wa miaka thelathini na minne akicheka kama msichana aliyepewa gauni. "Kumbe inageuka hivi! Na haina uzito kabisa, hata sikumbuki kama nimevaa kitu. Nitavaa hii Jumapili ya Familia Takatifu."

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu siku. Katika parokia yetu, Jumapili ile inayofuata Krismasi wanandoa husimama mbele, mume anaichukua pete ya mke, inabarikiwa upya, anamvisha tena watu wote wakiangalia. Yaani mimi, Nkwabi, sonara, nimvishe mke wangu pete ya Bii Tii kwa mkono wangu, mbele ya mabibi harusi niliowatengenezea dhahabu.

Jumatatu saa ya chakula nilikuwa kwenye geti la kiwanda. Wafanyakazi walikuwa wametoka kukaa kivulini, buti nyeupe za mpira zimepangwa mstari ukutani. Tibenda alikuwa amesimama akila mahindi ya kuchoma. Nilimwendea moja kwa moja.

"Wewe ndiye Bii Tii?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

Shikamoo hiyo ilinichoma zaidi kuliko chochote, nilikuwa nimemzidi miaka minane tu. Sikuiitikia. "Nimekuja uniambie mbele ya hawa watu, mke wangu umemvisha pete kwa sababu gani?"

Mahindi yalisimama hewani. "Pete? Mimi?"

"Ina jina lako ndani! B.T. Na mwezi wa sita, siku uliyompandisha! Mimi nachonga herufi miaka kumi na tano, usinifundishe kusoma!"

"Mzee, mimi hata mchumba wangu sijamnunulia pete," alisema Tibenda, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli, maana nilikuwa nimeshika mkononi koleo ambalo hata sikumbuki kulibeba. "Huwa ananilalamikia."

Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wote. Kwenye kicheko hicho nikasikia kimya kimoja, nikageuka, nikamwona Getruda amesimama mlangoni na kofia yake nyeupe ya nywele. Alirudi ndani kabla kengele haijalia.

Aliyenishika mkono na kunitoa pale ni Awuor, mwenzake wa meza moja, Mjaluo wa Shirati mwenye ulimi usio na breki. "Shemeji, umetuaibisha," alisema tukiwa barabarani. "Ile pete ametengeneza mume wangu. Nenda kwa Odero, Pasiansi, umuulize yeye. Na hilo koleo niachie mimi."

Nilitaka kwenda siku ileile, lakini aibu ilinifungia nyumbani. Getruda aliporudi jioni alinipakulia, akanitengea maji ya kuoga, akafanya kila kitu kama kawaida. Kisha akasema, "Miaka mitatu nimefanya kazi pale, hakuna mtu aliyewahi kunitazama vibaya. Leo wamenitazama. Jumapili usimame peke yako." Krismasi tulikula kila mtu na sahani yake. Winnie, binti yetu, alituangalia huku na huku, akaenda kula kwa jirani.

Siku ya pili yake nilikwenda Pasiansi. Odero alikuwa fundi wa ndege, mtu wa makamo, mabega mapana, vidole vyeusi kwa grisi. Alisomea Urusi miaka ya sabini, na sasa ndege za Warusi zilizokuja kubeba minofu zilikuwa zikimtegemea kila zilipoharibika. Uani kwake palikuwa na vipande vya ndege vingi kuliko kuku.

"Sonara!" aliniita kabla sijajitambulisha. "Nasikia umemsitaki mtu kwa ajili ya pete yangu." Sh zake zilitoka kama s, jinsi Wajaluo wengi wanavyosema. Akanipa kigoda. "Unajua Kirusi?"

"Nitajulia wapi?"

Akachukua msumari akaandika mchangani: BT6. "Hii wewe unasoma Bii. Kwa Warusi hii ni V. Vee, tee, sita. Ndiyo jina la chuma chenyewe, aina ya titani. Ni muhuri wa kiwanda, ulikuwa ndani ya busi, yaani kijibomba cha ndege, niliyoikata. Nilitaka kuusaga, mkeo akasema acha, umependeza." Alinitazama nilivyokuwa nautazama mchanga. "Baltazari Tibenda hajui hata ndege inawaswa vipi."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake wivu uligeuka upande mwingine. "Kwa nini alikuja kwako? Mume wake ni sonara. Angetaka pete mpya, angeniambia."

Odero aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Alilimimina kiganjani mwake, misumari na skrubu, na katikati yake kitu cha manjano kilichokatwa mara mbili. Nilikitambua. Ungenipa gizani ningekitambua.

"Mwezi wa sita Awuor alimleta hapa," alisema. "Kidole kimevimba mpaka ngozi imefunika pete. Imechubuka, inatoa maji, zahanati wamesindwa kuitoa. Nikaikata kwa kifaa cha ndege. Wako watu wasiopatana na nikeli inayochanganywa kwenye madini kama haya, bwana, hasa wakisinda kwenye maji na chumvi kutwa nzima. Inawala kidogo kidogo. Nikamwambia akipona nitamtengenezea ya titani. Warusi wanaiweka hata ndani ya mwili wa mtu aliyevunjika mfupa, haili nyama, haisiki kutu, maji ya samaki haiyajui. Amenilipa vichwa vya sangara ndoo mbili, tumekula wiki nzima."

Alinipa vile vipande viwili. Kwenye mkato, dhahabu yangu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake ilikuwa shaba tupu. Odero aliona ninachokiona.

"Mimi nilimwambia palepale," alisema taratibu. "Nikasema, mama, hii siyo dhahabu, umetapeliwa. Unajua alijibu nini? Alisema, 'Najua. Usimwambie mtu.'"

"Alijua?"

"Tangu masika ya kwanza mlipooana, ndivyo alivyosema. Kidole kilikuwa kinageuka kijani. Akawa anakisugua limao kila Jumamosi kabla ya kwenda kanisani, watu wasikione. Akaniambia, mke wa sonara akionekana na kidole cha kijani, nani atampelekea mumewe kazi ya harusi?"

Sikumbuki nilimuaga vipi Odero. Nakumbuka nilitembea kwa miguu kutoka Pasiansi mpaka nyumbani na vile vipande mfukoni. Njia nzima nilikuwa nahesabu Jumamosi, na kila nilipofika idadi kubwa nilipotea, nikaanza upya. Nilikuwa nimeyaonea wivu malimao. Nilikuwa nimelala kando ya mwanamke aliyekuwa akinisafishia uongo wangu kila wiki, nami nikanusa vidole vyake nikajisifu.

Nyumbani nilitaka kusema. Nikafungua mdomo Ijumaa, nikaufunga. Jumamosi nikasema, "Getruda," akasema, "Abee," nikamwuliza chumvi iko wapi. Wakati huohuo, wanangu, nilikuwa bado nina wivu. Kile chuma cha ndege kilikaa kidoleni mwake bila kujikweza. Hakikujiita dhahabu. Kiligongwa jina lake halisi tangu kiwandani, kwa herufi ambazo mjinga mimi sikuweza kuzisoma, na nilipokitia moto kilitoa rangi badala ya kutoa siri. Nilikionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamume yeyote.

Jumapili alivaa kitenge chake cha bluu, akatangulia. Nilikaa benchi la nyuma yake. Padri alipowaita wanandoa, nilimwona anabaki ameketi, mgongo umenyooka. Nikatoka kwenye benchi langu, nikaenda nikasimama kwenye njia kando yake, watu wakipishana nasi. Wengine walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, walikuwa wameshaanza kuminyana mbavu. Awuor, ambaye si hata mtu wa dhehebu letu, alikuwa amekuja kutazama.

Getruda aliniacha nisimame muda mrefu. Halafu akainuka.

Mbele ya altare padri alibariki, akasema waume tuchukue pete. Getruda aliivua mwenyewe akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto lake na ilikuwa haina uzito wowote, nikaogopa nitaiangusha. Buluu yake ilionekana mpaka benchi la tatu, kwa sababu nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Tazama ile!"

Nikainua pete kuelekea kidole chake. Ngozi pale ilikuwa na mduara mweupe wa kovu, mahali senti zangu zilipokuwa zikimla miaka kumi na miwili. Alikikunja kidole. Akanisogelea karibu, macho hayaniachi, akaninong'oneza sauti ileile ya 1984.

"Ni dhahabu kweli?"

Wanandoa wa kulia kwetu walikuwa wameshamaliza. Padri alikuwa ananitazama. Nilijua kwamba nikisema neno moja tu, lile la hapana, nitakuwa nimejibu nusu ya swali.

"Hapana," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, wenzetu wakageuka, kina mama wa dhahabu zangu wakageuka. "Hii siyo dhahabu. Na ile ya kwanza haikuwa. Zilikuwa senti za mbuni, tatu. Nilijua."

Getruda alinitazama usoni, kisha akakinyoosha kidole.

"Basi nivishe," alisema, "watu wanasubiri."